Kobe Hanywi Maji

Jumamosi, 4 Machi

Leo nimeishusha injini ya Kobe, gari la Baba. Mimi! Mimi na jeki mbili, moja ya kuazima, na Fundi Mluzi wa pale kona ameshika upande wa pili huku anapiga mluzi kama mtu anayesubiri chai ichemke. Bolti nne tu ndizo zinazoishikilia. Tatu zilikuja kistaarabu. Ya nne ilikuwa imeoana na kutu, imenichuna vidole viwili kabla haijakubali. Halafu injini ikashuka polepole, ikakaa juu ya gunia. Nyeusi, chafu, ndogo kuliko nilivyoikumbuka.

Baba alikuwa kwenye kiti chake uani, blanketi magotini, anatazama kila kitu. Nikamwambia, Baba, imeshuka. Akatabasamu, meno yote nje. Akasema, "Kijana ana mikono, yule."

Kijana yupi? Kijana wake, mdogo wangu Bosi, yuko mji mwingine, na Jumamosi asubuhi kijana wake huwa hajaamka. Aliyesimama mbele yake na oili mpaka viwikoni ni mimi. Nikajiambia jua lilikuwa machoni pake, hakuniona vizuri. Nina akiba kubwa ya sababu za namna hiyo.

Jumapili, 5 Machi

Vidole vimevimba. Kalamu naishika kama kijiko.

Shangazi kaja kumsalimia kaka yake. Kaona injini kwenye gunia, kashika kiuno. Bosi kaja lini? Nikasema hakuja. Sasa nani kaitoa hii? Nikasema mimi. Alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. "Wewe! Mume alikushinda, injini utaiweza?"

Ndiye Shangazi huyo. Nikaenda kuosha vyombo, na vyombo vilikuwa visafi.

Chanzo nakijua. Mwaka jana Bosi alisema kwenye simu, spika iko juu, Baba anasikia: "Mzee, Kobe nitamfufua mwenyewe." Basi. Baba akayashika maneno hayo, na hayajamtoka mpaka leo, wakati majina ya majirani yanamtoka kila wiki. Tangu siku hiyo kila nati ninayofungua mimi imefunguliwa na Bosi. Kitinda mimba wetu! Tulimpa jina la Bosi kabla hajajua kutembea, maana alikuwa ananyoosha kidole tu na kitu kinaletwa. Hajaacha kunyoosha.

Sitaki gari. Hapana — uongo, gari nalitaka. Lakini zaidi ya gari nataka sentensi moja. Baba aniangalie usoni aseme: ni wewe uliyemfufua. Hata asiposema mbele ya watu. Hata akisema kwa kunung'unika.

Jumatano, 15 Machi

Daktari wa meno ninayemfanyia kazi kaniita ofisini mwake. Heshima tele, sauti ya chini. Eti dada yangu, wagonjwa wanaiona mikono yako pale mapokezi. Mtu anakuja kusafishwa meno, anapokelewa na kucha nyeusi! Nimezisugua kwa sabuni ya unga, kwa limau, kwa mafuta ya taa. Oili ya Kobe imezeeka humo ndani, haitoki kwa kubembelezwa. Kaniamuru nivae glovu. Kwa hiyo leo nimeshinda mapokezi na glovu kana kwamba ni mimi nitakayewang'oa meno. Mwanamume mmoja mzima kaniona, kageuka mlangoni, hajarudi.

Mchana katoka mama mmoja mtu mzima, ganzi bado mdomoni. Kanikodolea macho. Wewe si binti wa mwalimu wa udereva? Wa yule Kobe? Nikasema ndiye. Akaanza ile ile. Mji mzima unaijua. Siku ya kwanza ya masomo Baba anamwambia mwanafunzi, angalia maji kwanza. Mwanafunzi anafungua mbele, anakuta tairi la akiba na tangi la mafuta. Anakimbilia nyuma, injini ipo, rejeta ya maji ya kupozea haipo! Anazunguka gari, jasho linamtoka, anaogopa kusema. Ndipo Baba anacheka: "Huyu hanywi maji, mwanangu. Huyu anakunywa upepo." Miaka yote ile, mwanafunzi kwa mwanafunzi, na kila mmoja alidhani kafanyiwa yeye peke yake.

Mama yule kacheka mpaka mate yakamponyoka kwenye ganzi. Nikacheka na mimi. Kisha kaniuliza, na wewe ni yeye aliyekufundisha kuendesha? Nikamwambia asile kitu cha moto mpaka ganzi iishe.

Hakunifundisha. Aliufundisha mji mzima, mimi akaniambia nitafundishwa na mume wangu akishanunua gari lake. Mume alinunua pikipiki. Akaondoka nayo. Nikaenda kulipia masomo kwa washindani wa Baba, kwenye kigari cha plastiki chenye rejeta.

Jumanne, 21 Machi

Nimefungua yale mabati yanayoongoza upepo kwenye injini. Kiota! Panya wamejijengea humo jumba la kifahari: sufi ya godoro, nusu ya soksi, karatasi za alama za barabarani za wanafunzi wa Baba, zimetafunwa zikawa laini kama pamba. Vyote vimejazana pale pale feni inapopulizia silinda. Hata Fundi Mluzi aliacha kupiga mluzi. Alisema gari la maji likizidiwa linatoa moshi, linakusumbua mpaka usimame. Hili halisemi. Ungeliwasha hivi hivi lingejipika lenyewe, na wewe umekaa mbele unaimba.

Nimetoa nyuzi moja moja kwa kibano changu cha nyusi. Kibano kimekwisha kazi. Nyusi pia, basi, zikae zilivyo.

Nilipokuwa nimechungulia humo na taa nikakumbuka. Zamani Baba alipotengeneza Kobe bandani, kazi yangu ilikuwa kushika tochi. Nilikuwa mdogo, Bosi hajazaliwa. Tochi, kushoto. Tochi, usitetemeke. Tochi, unaangaza kichwa changu au unaangaza kabureta? Ikawa jina. Ni yeye tu aliyeniita hivyo, tena bandani tu. Ndani ya nyumba nilikuwa "wewe binti". Nilijua kila waya unakwenda wapi kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Halafu nikakua kidogo, siku moja akaninyang'anya tochi, akasema msichana mkubwa halali chini ya gari. Hajaniita Tochi tena tangu siku ile. Bosi hajui hata kama jina hilo lilikuwepo.

Nisiandike mengi. Mgongo.

Jumamosi, 1 Aprili

Siku ya wajinga, na mjinga ni mimi. Kila wiki namtumia Bosi picha za kazi ili aone, aone haya, labda aseme kitu. Kasema! Leo Shangazi kanionyesha simu yake. Bosi kazibandika picha zangu zote mtandaoni. Injini kwenye gunia, kiota cha panya, mabati niliyoyapaka rangi. Juu kaandika: "Kidogo kidogo, kwa ajili ya Mzee." Mioyo chungu nzima chini yake. Wanafunzi wa Baba wa zamani wanamwita shujaa. Kwenye picha moja vidole vyangu vinaonekana pembeni, kucha nyeusi. Mtu kauliza, hiyo mikono ya nani? Kajibu: "Msaidizi."

Msaidizi!

Shangazi kasema usikasirike, si mnasaidiana. Nimefunga kabureta leo kwa hasira mpaka nikaivunja skrubu.

Jumapili, 30 Aprili

Bosi kaja. Kavaa ovaroli mpya, mkunjo wa dukani bado uko kifuani. Kakaa karibu na injini, kashika spana iliyogeuka juu chini, kamwambia Shangazi apige picha. Baba alikuwa anamtazama hivi — siwezi kuandika alivyokuwa anamtazama. Sijawahi kutazamwa hivyo hata siku ya harusi yangu.

Nilimvuta kando jikoni. Nikamwambia, wewe Bosi, mwambie Baba ukweli. Neno moja tu. Hakukasirika, afadhali angekasirika. Alinishika bega. "Dada, mzee anafurahi. Kwa nini tumharibie? Kwani wewe unapungukiwa nini?"

Napungukiwa nini? Nimekuwa nikilitafuta hilo jibu tangu alipoondoka. Ningeweza kusema: skrubu, gasketi, usingizi, ngozi ya vidole. Nilisema chai inapoa.

Jumanne, 9 Mei

Nimewaita Fundi Mluzi na shemeji yake, tumeirudisha injini. Ilikwenda kama mkono kwenye mfuko. Fundi alisahau kufunga bomba la petroli, tukaoga wote watatu. Hakuna aliyevuta sigara, ndiyo maana naandika.

Baba alilala muda wote.

Jumamosi, 20 Mei

Amewaka! Kobe amewaka!

Mara ya kwanza alikohoa. Mara ya pili alitoa moshi wa bluu, jirani akafunga madirisha kwa kishindo. Mara ya tatu — ile sauti. Ile ile! Kama cherehani kubwa yenye hasira. Niliweka kiganja nyuma ya injini nikausikia upepo unapita, mzima, bila kizuizi. Fundi Mluzi alinirukia akanikumbatia, kisha akakumbuka mimi ni nani akanipa mkono. Machozi yalinitoka, na sikuyafuta maana mikono ilikuwa michafu.

Baba alitoka ndani peke yake, bila fimbo. Akasimama uani, mdomo wazi, akasikiliza. Nikamwendea. Nilikuwa na hakika. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma: nilikuwa na hakika kabisa.

Akanishika mkono kwa nguvu. Akasema, "Mpigieni kijana simu. Mwambieni limewaka."

Nikampigia.

Jumapili, 28 Mei

Nitaandika taratibu kama ilivyokuwa, maana nikiharakisha nitaongeza chumvi.

Bosi kaja na mchumba wake. Msichana mpole, ananiita wifi, kabeba vyombo mwenyewe bila kuambiwa. Tumekaa mezani: Baba, Shangazi, wao wawili, mimi karibu na mlango wa jikoni kama kawaida. Mchumba kamuuliza Bosi, kwa nia njema kabisa, kazi ngumu ilikuwa ipi hasa kwenye hilo gari?

Bosi kajifuta mdomo. Kasema, "Rejeta. Ile ya zamani ilikuwa imeoza yote. Nimemwekea mpya."

Nikaweka kikombe chini.

Rejeta! Kobe! Mtu aliyekulia nyumba hii, ambaye mzaha ule umesimuliwa juu ya kichwa chake tangu akiwa ananyonya, hakuwahi hata kusikiliza! Nilifurahi. Moyo ulinidunda kama wa mwizi. Nilijua kinachofuata. Baba ataanza kucheka kwa mabega kwanza, kisha atasema huyu hanywi maji, kisha atauliza kwani wewe umeshika gari gani, kisha ataniangalia mimi. Nilisubiri. Nilikuwa nimekwisha kuandaa uso wa kunyenyekea.

Baba kakuna kidevu. Katikisa kichwa kwa kukubali. "Umefanya la maana," kasema. "Rejeta ndiyo roho ya gari. Na maji kila asubuhi, usisahau."

Shangazi kasema mnaona, fundi na fundi wanavyoelewana. Bosi kamimina soda. Mchumba peke yake ndiye aliyeniangalia, sijui uso wangu ulikuwaje.

Nilikusanya sahani, zingine bado zina chakula. Jikoni nilifungua bomba lote nisiwasikie. Nilisubiri miezi yote hii mtu aumbuke, na aliyeumbuka ni Baba, na hakuna aliyeona ila mimi.

Jumatatu, 29 Mei

Sijamwambia mtu. Nimwambie nani? Shangazi atasema uzee, kila mtu husahau. Bosi atasema mzee anafurahi.

Majina ya majirani nilivumilia. Kuvaa shati nje ndani nilivumilia. Lakini lile! Kama lile limekwenda, humo ndani kumebaki nini? Na mbaya zaidi, hili limenijia nikiwa nahesabu miadi ya wagonjwa, nikaharibu hesabu: hata akiniambia leo "ni wewe", sitajua kama anajua anachosema. Sentensi yangu imekufa, na mimi bado naidai.

Alhamisi, 1 Juni

Imeamuliwa. Bosi kapiga simu, spika juu, Baba kasema mbele ya Shangazi: gari ni lako, umelifufua, njoo Jumapili ulichukue. Shangazi keshaita watu. Wanafunzi wa zamani, majirani, mama yule wa ganzi pia. Bosi atamwendesha Baba kuzunguka mtaa, watu watapiga makofi, kisha ataondoka naye Kobe. Mimi nimepewa kazi ya viti na soda.

Niliuliza, na mimi? Shangazi kashangaa kwelikweli. Wewe ungelipeleka wapi?

Kazini kwangu ni mwendo wa miguu.

Jumamosi, 3 Juni

Nimemwaga oili yote, nimemwekea mpya. Rangi ya asali. Nimempiga rangi ya viatu kwenye mipira ya madirisha. Kama anaondoka, aondoke mzima. Sifanyi kwa ajili ya Bosi.

Jioni nikamwasha nimpe mzunguko wa mwisho humu humu uani, mlango wa banda mpaka geti, basi. Baba akaja. Akafungua mlango wa pili akaingia, akakaa pale pale alipokaa miaka yote, upande wa mwalimu, kwenye ile breki ya ziada iliyofungwa kwa ajili yake. Akafunga vifungo vya shati. Akaniangalia kwa adabu, kama mtu usiyemjua. Akasema, "Siku ya kwanza, usiogope. Umeangalia maji?"

Mungu wangu. Ule mzaha! Nilihisi umerudi wote, mzima mzima. Nikacheza sehemu yangu. Nikashuka, nikafungua mbele, nikafungua nyuma, nikarudi nimeshika kichwa. Nikasema, "Mwalimu, mbona sioni rejeta?"

Nikamsubiri. Nilisubiri mabega yaanze kucheka.

Alikunja uso. Alifikiri. Akasema, "Haidhuru. Maji nitaweka mwenyewe kesho."

Tukaenda. Klachi taratibu. Macho mbali, si kwenye boneti. Usibane usukani, hautakimbia. Mguu wake unakanyaga ile breki kila nilipokaribia geti. Alikuwa mwalimu mzuri! Mtulivu, sauti ya chini, hasemi neno la kukuvunja. Watu walikuwa wananiambia na mimi nilidhani wanamsifia tu. Tulipofika bandani akaniambia, vizuri sana, mwanafunzi, nyumbani kwenu ni wapi?

Hatimaye amenifundisha.

Jumapili, 4 Juni

Wamejaa. Viti havikutosha. Naandika nikiwa chumbani, nimesimama, daftari juu ya kabati. Nimewaambia natafuta ufunguo. Ufunguo uko mkononi.

Nilikwenda bandani kumwangalia mara ya mwisho kabla hawajamsukuma nje. Jagi la jikoni liko chini, tupu. Boneti ya nyuma iko wazi. Kifuniko cha oili kimetolewa, kimewekwa juu ya mabati kwa uangalifu, kichwa chini kisishike vumbi, kama alivyonifundisha. Nikavuta kile kijiti cha kupimia oili. Imepanda kupita alama zote. Na matone, matone ya maji kwenye oili yangu ya asali.

Jagi zima! Aliona tundu moja tu linalofungukia ndani, akamnywesha.

Nikageuka kumtafuta. Keshaingia garini, upande wa mwalimu, mikono ya shati imelowa mpaka kwenye viwiko, kafurahi. "Nimeshampa maji," kaniambia. Kabla sijafungua mdomo, Bosi na wenzake wakaingia, boneti ikabamizwa, wakamsukuma mpaka uani na Baba ndani anapunga mkono. Bosi kakaa kwenye usukani. Kanyoosha kidole dirishani: ufunguo.

Sijui. Sijui!

Akiwasha hivyo, injini yangu itajila yenyewe kabla hajafika mwisho wa mtaa. Nimpe? Nimpe ufunguo nirudi nikae na soda yangu? Amwashe mwenye mikono, amwekee na rejeta! Nimelifikiria hilo kwa muda mrefu kuliko mtu mwema angelifikiria. Lakini Baba yumo ndani yake. Kobe atamfia miguuni, na mji mzima unatazama.

Niseme basi. Niseme Baba kamimina maji kwenye oili. Mbele ya wanafunzi wake wote! Wale wote walioambiwa hanywi maji. Watacheka kwanza, wakidhani ni ule mzaha. Kisha wataacha kucheka, na nyuso zitakuwaje, na yeye ataziona.

Au niseme ni mimi. Bado sijamaliza, nimekosea oili, nimeharibu, hawezi kuwaka leo. Shangazi atapata la kusema mpaka mwakani. Bosi atasema nilimwachia msaidizi, mnaona. Yaani siku ya kwanza watu wote hawa kukubali kwamba mimi ndiye niliyeishika hiyo injini ni siku nitakayowaambia nimeiua.

Bosi anapiga honi. Honi inafanya kazi, nyaya nilizifunga mimi.

"Dada! Ufunguo!"

Watu wameanza kupiga makofi ya kuharakisha. Shangazi anasema huyo ndivyo alivyo, hata harusi yake alichelewa. Wanacheka.

Sasa Baba. Namsikia, sauti yake ile ya bandani, si ya ndani ya nyumba. Anaita.

"Tochi!"

Bosi anasema mzee, tochi ya nini, jua lote hili? Kicheko kikubwa. Uani kote.

"Tochi! Tochi iko wapi?"

Iko, nadhani kasema iko. Kama kasema yuko sikusikia vizuri, kelele ni nyingi. Anaita tena. Ufunguo umelowa mkononi mwangu na miguu inakwenda mlangoni na bado sijui nikifika pale nitafungua mdomo niseme nini.